Kuifuata Kusi hadi Mughsail

Jumatano: Mabela hadi Haima

Tumetoka baada ya sala ya alfajiri, watu sita ndani ya gari moja. Shemeji kashika usukani. Bi Mkubwa, mama yake, kakaa mbele kwa haki ya umri. Dada yangu na wanawe wawili wako katikati, na mimi, mjomba mtu, nimesukumwa siti ya nyuma kabisa pamoja na madumu ya maji, sanduku la barafu, na sufuria ya wali iliyofungwa kwa kanga ili mfuniko usifunguke njiani. Kutoka Maskati hadi Salalah, kusini mwa Oman, ni kama kilomita 1,000. Ndege huchukua saa moja na nusu hivi, na mimi ndiye niliyependekeza ndege. Bi Mkubwa akasema ukipita juu ya nchi hujaiona nchi, na maneno yakaishia hapo.

Nieleze kilichonitoa Jambiani, kijijini kwetu pwani ya mashariki ya Unguja. Dada kaolewa huku miaka kumi na mbili sasa, na kila mwezi wa nane hunitumia video: milima ya kijani, ukungu, watu wamevaa masweta katikati ya Arabuni. Mwaka jana akaniletea moja ya wimbi linalopanda juu kutoka kwenye tundu la jiwe, watu wanakimbia huku wanacheka. Mahali penyewe panaitwa Mughsail. Nikamjibu kwa kiburi cha mtoto wa pwani: wimbi gani hilo, sisi tumezaliwa mawimbini. Akanijibu neno moja. "Njoo."

Baada ya Nizwa na Adam milima inakwisha, na kinachobaki ni uwanda wa changarawe usio na mti, usio na kilima, barabara imenyooka mpaka macho yanauma. Hii ndiyo Jiddat al-Harasis. Shemeji ni mwalimu wa jiografia na hawezi kupita mahali bila kusomesha. Katuambia hapa palikuwa na hifadhi ya choroa weupe wa Arabuni, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994, kisha mwaka 2007 ikatolewa, ya kwanza kabisa kutolewa katika orodha hiyo, baada ya serikali kulipunguza sana eneo lake na choroa kubaki wachache. "Mahali pa kwanza duniani!" alisema, kama mtu anayesifu. Watoto walikuwa wamelala.

Magari ni mengi kuliko nilivyotarajia, namba za Imarati, Saudia, Kuwait, mizigo imefungwa juu ya paa. Wote wanakimbilia baridi. Saa saba mchana kipimo cha gari kimeonyesha digrii 46. Tumesimama kujaza mafuta, nikashuka kunyoosha miguu, nikarudi ndani mbio.

Tumelala Haima, kwenye nyumba ya wageni yenye kiyoyozi kinachonguruma kama mashine ya kukoboa.

Alhamisi: mlima unaofungua mlango

Asubuhi yote ni jangwa lilelile. Qitbit, kisha Thumrait, malori, ngamia wanaovuka barabara bila haraka kana kwamba wao ndio waliolipa kodi ya njia. Thumrait joto lilikuwa digrii 41. Kutoka hapo hadi Salalah ni kama kilomita 80, na mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba dada kanidanganya miaka yote.

Kisha barabara ikaanza kushuka mlima wa Qara. Mbele yetu kulikuwa na wingu limelala juu ya barabara, jeupe, na ukingo wake umekatika kama ukuta. Magari yaliyokuwa mbele yaliingia ndani yake moja baada ya jingine yakapotea. Shemeji kawasha taa zote, kapunguza mwendo, na sisi tukaingia. Kipimo kikateremka: 36, 31, 27, 24. Rasharasha ikaanza kugonga kioo. Dada kafungua dirisha na watoto wakatoa mikono nje. Pembeni ya barabara kulikuwa na majani yanayofika magotini, na ng'ombe. Ng'ombe wanene, wanakula majani, umbali wa dakika chache kutoka mahali ambapo hata nzi hataki kukaa.

"Unaujua upepo huu?" Shemeji kaniuliza kupitia kioo cha kutazamia nyuma.

Nikamwambia ni upepo wa baridi.

"Ni kusi. Kusi yenu."

Nilidhani anatania. Lakini ndivyo ilivyo, na nimekaa usiku huu kuandika kama alivyonieleza. Kusi ile inayotupiga Jambiani kuanzia mwezi wa nne, inayowaleta Wazungu na maparashuti yao ya kuteleza juu ya maji Paje, inavuka ikweta na kupinda upande wa kulia kwa sababu ya mzunguko wa dunia. Inapita Kenya na Somalia kwa kasi kubwa, kisha inatoka baharini moja kwa moja mpaka inasugua pwani hii ya Dhofar, mkoa wenye Salalah. Huku wanaiita kharifu, na msimu wake huhesabiwa tangu tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba. Inapopita sambamba na pwani, huyasukuma maji ya juu ya bahari kwenda mbali, na maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi. Upepo wenye unyevu ukigusa maji hayo baridi unageuka ukungu, ukungu unagonga milima, milima inaota majani. Nyuma ya mlima ukungu haufiki, na huko ndiko Thumrait na digrii zake 41.

Salalah yenyewe imenichanganya. Barabara imepangwa vibanda vya kuuza madafu, ndizi mbichi na mbivu, mapapai, miwa. Minazi nyuma yake. Bi Mkubwa kasimamisha gari kwa mkono kama anasimamisha daladala. Muuzaji, kijana wa Bangladeshi, kamkatia dafu kwa ustadi mzuri tu. Kanywa mara moja, kachungulia ndani, kalitikisa.

"Hili koroma hili. Mwambieni huyu, dafu halina nyama ngumu hivi."

Hakuna aliyemwambia. Lakini kalinywa lote, na kalila na nyama yake.

Ijumaa: Mughsail

Mughsail iko kama kilomita 40 magharibi ya Salalah. Unaipita bandari na makreni yake, barabara inapanda na kushuka kati ya vilima vya mawe, na pwani inatokea yote kwa pamoja: mchanga mweupe wa kilomita kadhaa, milima imekatwa wima upande wa mbali, vichwa vyake vimo ndani ya ukungu. Redio ilikuwa inasoma Suratul-Kahf kama kawaida ya Ijumaa, na dada akacheka kwamba sura imetuandama, kwa sababu tunaelekea pangoni kwelikweli. Mwisho wa ufukwe kuna pango linaloitwa Marnif, na matundu ya ile video yako chini yake.

Lakini hatukuanza na pango. Tulisimama mwanzo wa ufukwe, na hapo ndipo mimi nilipoaibika.

Kwetu Jambiani wimbi huvunjikia mbali, kwenye mwamba. Ukisimama pwani unauona mstari mweupe kule, unausikia mngurumo kama lori ambalo halifiki, na kinachokuja miguuni ni maji yaliyokwisha pigwa, yamechoka. Maji yakipwa unatembea mpaka karibu na mwamba wenyewe, unapishana na kina mama wenye magunia ya mwani kichwani. Bahari yetu ina ukuta. Nimeishi miaka arubaini na moja nyuma ya ukuta huo na sikuwahi hata siku moja kuufikiria.

Hapa hakuna ukuta. Wimbi linakuja kutoka huko linakotoka bila kuguswa na kitu, linakaribia mpaka unaona haliwezi tena kukaribia, ndipo linaposimama. Linasimama hatua chache kutoka mchanga mkavu, tumbo lake la kijani limejaa mchanga na vipande vya mwani, juu linapeperusha povu nyuma kwa upepo, kisha linaanguka lote kwa mara moja. Kishindo hukisikii masikioni tu. Kinapanda kutoka ardhini hadi kwenye magoti. Na kabla povu halijafika juu ya mchanga, la pili limeshasimama.

Kulikuwa na bango la kukataza kuogelea, kwa Kiarabu na Kiingereza, na nyuma yake familia kadhaa zimetandika mikeka, mbali na maji, zinapika chai. Hakuna aliyekuwa karibu na maji. Hilo peke yake lingenitosha. Lakini nilikuwa nimekuja kutoka Jambiani, na mpwa wangu wa kiume ananitazama, basi nikakunja suruali, nikamwambia dada nalowesha miguu tu.

"Mjomba, mamnuu!" mpwa wangu wa kike kapiga kelele. Ana miaka tisa.

Povu la kwanza lilinifika vifundoni, na nililoshangaa kwanza ni baridi. Maji ya mtungini! Mwezi wa nane, Arabuni, maji ya bahari yanauma mifupa. Nikageuka kumwambia Shemeji, na hapo nikasikia mchanga unaondoka chini ya nyayo zangu. Maji yalikuwa yanarudi. Wimbi la kuja halikunifanya kitu. La kurudi ndilo lenye mkono. Ufukwe pale umeinama kama paa, na maji yote yaliyopanda yanateremka kwa pamoja, yanakokota mchanga, kokoto na chochote kilichosimama juu yake. Nilikwenda magoti, kisha kiganja kimoja, nikaona ndala yangu inaelea kwenda mbele yangu kama ngarawa, na nyuma ya ndala kitu cha kijani kinasimama.

Sijui nilitokaje. Shemeji anasema nilitambaa. Alikuwa ameshafika nusu ya njia na kanzu kaipandisha mpaka magotini, na aliponishika mkono hakucheka. Dada ndiye aliyecheka, baadaye sana, tulipokwisha kaa kwenye mkeka na mimi nimefungwa kanga mbili.

Bi Mkubwa kanitazama tu. "Wewe wa Jambiani," alisema, "bahari yenu ni ya watoto."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo kwa sababu nimeyastahili.

Alasiri, baada ya sala, tukaenda kwenye matundu. Njia ni ya ngazi, inapita chini ya jabali la chokaa lililoegemea mbele kama paa la baraza, na hilo ndilo pango la Marnif. Chini yake kuna jukwaa la mwamba tambarare linalotokeza juu ya bahari, na katika mwamba huo kuna matundu machache, yamefunikwa kwa vyuma vya wavu. Bahari imekula chini ya jukwaa. Wimbi likiingia chini linaifungia hewa, hewa inabanwa, haina pa kutokea ila tundu, na inatoka na maji pamoja.

Video haionyeshi kwamba hewa hutangulia. Unasimama pale, husikii kitu, mara mwamba unavuta pumzi. Kweli, unavuta, kipande cha karatasi kilichokuwa karibu na tundu kilinyonywa kwenye wavu kikanata. Halafu kimya kifupi. Halafu unatoka mlio mnene, kama ng'ombe aliye ndani ya pipa, upepo wa chumvi unakupiga usoni, na hapo ndipo maji yanaporuka, juu kuliko nyumba ya ghorofa moja, meupe, na kuanguka juu ya kila mtu aliyejifanya hodari. Kofia ya mtu iliondoka na mlio, kabla ya maji. Wapwa wangu wawili wakagundua mchezo: kuhesabu tangu pumzi hadi mlio. Wakati mwingine tatu, wakati mwingine tano, na mara moja hakuna kilichotoka kabisa, tukacheka, na lililofuata likatulowesha wote.

Pembeni ya jukwaa kuna uzio, na kuna walinzi wanaopiga filimbi kwa mtu anayeegemea tu. Shemeji kanieleza sababu kwa sauti ya chini, watoto wasisikie. Mwezi Julai 2022 wageni wa familia moja waliuvuka uzio hapa kwa ajili ya picha. Wimbi moja likapanda juu ya mwamba na kuwachukua, watoto wakiwemo, na wengine hawakurudi. Video ya siku ile ilizunguka dunia nzima. Nilikumbuka kwamba niliiona, Jambiani, nimekaa barazani, na nilisema kwa nini hawakuogelea.

Jumamosi

Mgongo unauma na kiganja kimechubuka. Tumepanda barabara ya magharibi ya Mughsail, ile inayopinda na kupinda kuelekea mpaka wa Yemen. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tuliona kona moja tu kwa wakati, na Bi Mkubwa alisoma uradi kutoka chini hadi juu. Tulisimama mahali kwenye miti ya ubani. Sikuitegemea iwe hivyo: mfupi, shina limevimba, gome linabanduka kama karatasi, matawi yamejikunja kana kwamba yanaumwa. Wavunaji huikwangua gome kwa kisu kidogo, utomvu unatoka mweupe na kuganda. Ubani bora kuliko wote, wa Hojari, unatoka nyuma ya milima, ambako unyevu wa kharifu haufiki. Nilipenda jambo hilo, kwamba kusi hii inayolisha kila kitu hapa, ubani wenyewe hautaki kuguswa nayo.

Jioni soko la Haffa. Dada kanunua chetezo cha udongo chenye rangi nyekundu na buluu, mimi nimemnunulia mama ubani wa kijani-kijani, na muuzaji alipokisikia Kiswahili chetu akapunguza bei bila kuombwa. Bibi yake, alisema, alizaliwa Pemba.

Jumapili: Taqah, Mirbat

Upande wa mashariki pwani ni nyingine. Taqah tumeona mashua za wavuvi zimevutwa juu kabisa ya mchanga, zimelala ubavu, nyavu zimefunikwa. Kijana aliyekuwa anashona wavu alimwambia Shemeji kwamba kwa miezi hii kazi ni kushona na kunywa chai. Dagaa wataanza baada ya kharifu kuondoka, na wataanikwa kwenye mchanga huu huu, sehemu ya watu na sehemu ya ngamia na ng'ombe. Ibn Battuta aliandika habari hiyo hiyo ya wanyama wa Dhofar kulishwa dagaa. Na yeye alifika hapa katika karne ya 14 akitoka wapi? Kilwa. Alitoka Mombasa na Kilwa, akaja Dhofar, njia ile ile ya upepo niliyoifuata mimi, ila yeye hakupitia Haima, na kwa hilo namwonea wivu.

Kutoka hapo Bi Mkubwa akaanza kuzungumza, na nadhani hakunyamaza mpaka Mirbat. Baba yake alikuwa na duka la kahawa Funguni, karibu na bandari ya majahazi, Unguja. Yeye alikuwa mtoto wa kukusanya vikombe. Majahazi ya Sur, mji wa pwani ya Oman, yalikuja na kaskazi, yameleta tende, chumvi na papa mkavu, harufu yake mtaa mzima unaijua kabla hujaona tanga. Yakipakia boriti za mikoko yaliondoka mwezi wa nne, wa tano, kusi inapoanza, bado changa.

"Na waliochelewa?"

"Waliochelewa wanalala. Kusi ikishakuwa kubwa, huku juu bahari imefungwa, hakuna bandari ya kuingia, utavunjikia mwambani. Wanangoja demani, upepo ulegee. Miezi mitatu wanakaa Funguni, wanakunywa kahawa kwa deni." Kanyamaza kidogo. "Wengine walioa. Baba yangu mimi alikuwa amechelewa."

Shemeji kageuka kumtazama mama yake mpaka gari ikayumba. Miaka hamsini na zaidi, na habari hiyo hakuwahi kuisikia.

Mirbat ni mji mdogo wa nyumba za zamani zinazobomoka taratibu, madirisha ya mbao yaliyochongwa, mengine yangeweza kuwa ya Mji Mkongwe. Nje ya mji, katikati ya makaburi, kuna kuba mbili nyeupe. Hapo amezikwa Muhammad bin Ali, anayeitwa Sahib Mirbat, wa karne ya 12. Mimi jina lilikuwa halinipi kitu hadi Shemeji aliponiambia kwamba masharifu wote wa Ba Alawi nasaba yao inapita kwake: Jamalilleil wa Lamu, Bin Sumeit wa Unguja, na wengine wote waliotusomesha Kurani na kutusomea maulidi pwani nzima. Bi Mkubwa kasimama mlangoni, kasoma fatiha, kisha kaisoma tena, na aliponiona namngojea akasema ya pili ni ya baba yake aliyechelewa.

Tumekula nyama ya madhbi usiku, iliyochomwa juu ya mawe ya moto. Ni tamu. Ila mishkaki ya Forodhani ni mitamu zaidi, na hapa sitaki mjadala.

Jumatatu: Mughsail tena

Kesho tunaanza kurudi Maskati. Leo alfajiri nilimwomba Shemeji anirudishe Mughsail, na Bi Mkubwa akasema hatuendi bila yeye. Dada na watoto tumewaacha wamelala.

Siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu, hakuna mtu. Ngamia sita walikuwa wanatembea mstari mmoja juu ya mchanga, mbali na maji. Hata wao wanajua. Tulimwekea Bi Mkubwa kiti cha kukunja juu kabisa ya ufukwe, kajifunika kanga ya dada. Ukungu ulikuwa chini kiasi kwamba mawimbi yalikuwa yanatokea ndani yake yakiwa tayari yamesimama. Huyaoni yakija. Unaona weupe, kisha ukuta wa kijani uko mbele yako.

Nilikaa. Sikukunja suruali. Nilitazama hasa maji yanayorudi, nilichokuwa sijui kukitazama siku ile: yanavyochora mikunjo kwenye mchanga, yanavyokusanyika mahali pamoja na kutoka kama mto wenye rangi ya chai, na jinsi wimbi linalofuata linavyojikwaa juu ya mto huo. Mahali hapo panaonekana shwari kuliko pote. Hapo ndipo ningeingia, kama ningeingia.

Karibu na kiti cha Bi Mkubwa bahari ilikuwa imetupa mwani. Si mwani wetu. Mkubwa, wa kahawia, majani mapana kama mkanda, bua refu kama mkono wangu. Shemeji anasema jamii hii hupenda maji baridi, na hapa hunenepa msimu huu wa kharifu. Nilichukua bua moja nikalipima mkononi. Mama yangu kalima mwani tangu ulipoanza kulimwa Jambiani mwaka 1989, na angelitazama hili kwa jicho la biashara.

Nikampigia. Simu ya intaneti huku mara nyingi haishiki, basi nikatumia salio la kawaida. Bi Mkubwa kanyoosha mkono kabla sijamaliza salamu.

"Bibi wa Jambiani, hujambo? Kusi vipi huko?"

Sauti ya mama ilitoka nyembamba. Imelegea, alisema. Jana ngarawa zimetoka nje ya mwamba, na Shaabani wa jirani karudi na changu wawili wakubwa.

Bi Mkubwa katikisa kichwa kama aliyepokea barua. "Basi na huku haikawii. Demani hiyo." Kanirudishia simu.

"Kelele gani hiyo?" mama kaniuliza. "Uko barabarani?"

"Niko pwani, mama."

"Pwani gani inalia hivyo?"

Nikainyoosha simu kuelekea majini. Moja likaanguka, na la pili, na la tatu. Niliporudisha sikioni mama alikuwa kimya, nikadhani imekatika. Nikamwambia na mwani wa huku, mama, bua moja refu kama mkono, bahari inautupa tu.

"Unatupwa?" Sauti yake imepanda. "Mkavu wanauza kilo bei gani?"

Nikafungua mdomo kumwambia hakuna anayeuokota, na salio likakatika.